Milango ya vioo katika chumba chetu kidogo

Katika ukurasa huu wa jamaa mmezoea kusoma habari za malezi, za jikoni na za afya ya watoto wachanga. Leo naomba ruhusa yenu niseme habari ya kabati. Pengine mtacheka. Nami nilicheka hapo kwanza, kisha nikaacha.

Nyumba yetu hapa Lubumbashi ni ya matofali ya kuchoma, ndugu ya zile nyumba zilizojengwa kwa wingi na Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoanzishwa na serikali ya Wabelgiji mwaka 1952: imara, lakini nyembamba. Chumba tulalamo mimi na mke wangu kina urefu wa meta 3 na upana wa meta 2.80. Kitanda kiko chini ya dirisha, nacho hula meta 1.40 za upana ule. Kabati liko ukuta wa pili, likikielekea kitanda, nalo hula sentimeta 60. Wajuao hesabu wamekwisha kuona: katikati inabaki njia ya sentimeta 80. Tena milango ya kabati ilikuwa ya bawaba, kila mmoja sentimeta 60. Ulipoufungua mmoja, ilibaki nafasi ya sentimeta 20, na hapo hata paka angejibana. Asubuhi, mmoja wetu akivaa, mwingine alingoja sebuleni kama mgeni.

Zaidi ya hayo, chumba kilikuwa na giza. Dirisha ni moja, tena dogo, na kabati la mbao nyeusi lilimeza nuru yote iliyoingia. Mke wangu hushona nguo za watu ili kusaidia mshahara wa mwalimu, ambao ninyi mnaujua. Cherehani yake iko humo chumbani, kwenye miguu ya kitanda, maana sebuleni watoto wa jirani hucheza na uzi. Mimi hushinda shuleni. Yeye hushinda katika giza lile.

Hapo zamani tulikuwa na kioo kidogo ukutani, cha kunyolea ndevu na cha kufungia kilemba. Mwaka jana Mungu alitupa mtoto wa kike, ndugu wa mvulana wetu, na baada ya majuma matatu akamtwaa kwa homa. Wazee wa kike waliokuja kwenye matanga walikigeuza kioo kile, kikatazama ukuta, kwa desturi yao. Sikusema neno, ingawa moyoni nilisema, haya ni mambo ya kale. Matanga yakaisha, wageni wakarudi kwao, lakini kioo hakikugeuzwa. Mimi nilinyoa nje uani, kwa kipande cha kioo cha kiganja. Nilidhani mke wangu amesahau kukigeuza.

Basi, ulipopita mwezi wa saba, jioni moja aliniambia: «Baba, nina fedha kidogo za kushona. Naomba tubadili milango ya kabati, iwe ya kusukuma kando, tena iwe na vioo.»

Mimi nimelelewa katika seminari ndogo. Kule kioo kilikuwa mahali pa kunawia tu, na mlezi wetu alitufundisha kwamba ajitazamaye sana hamtazami Mungu. Nikamjibu mke wangu kwa sauti ile ya darasani: «Mama, kioo kimoja kinatosha Wakristo. Milango mizima ya vioo ni majivuno ya matajiri.» Hata nikamtaja Mtume Yakobo, aliyeandika juu ya mtu ajitazamaye katika kioo.

Yeye akasema: «Chumba hiki kina giza, Baba. Mimi ndimi nikaaye humo.» Akanyamaza.

Nikasema moyoni kwamba nimeshinda. Siku chache baadaye, nikitafuta koti langu alfajiri, mlango wa kabati ulinigonga goti hata nikaketi kitandani kwa maumivu. Nikiwa nimeketi hapo, nikakumbuka barua ya Yakobo vizuri zaidi. Mtume hakikemei kioo. Amkemea mtu anayejitazama, akaenda zake, akasahau alivyo. Nikaona haya. Saa ya mapumziko nikatuma mtoto amwite fundi.

Fundi wetu ni mzee, seremala wa siku nyingi, aliyejifunza kazi kwa Mabruda. Alipima chumba, akapima dirisha, akaniuliza: «Mwalimu, wajua kioo hufanya nini katika chumba?» Nikasema huonyesha sura. Akatikisa kichwa: «Hiyo ni kazi yake ya pili. Kazi ya kwanza ni kurudisha nuru.»

Nikacheka, kwa sababu somo hilo nalifundisha mimi mwenyewe kila mwaka: nuru iangukiapo kioo hurudi kwa pembe ileile iliyojia, na kitu kilicho mbele ya kioo kwa meta 2 huonekana nyuma yake kwa meta 2 vilevile. Ndiyo sababu chumba chembamba huonekana kimekuwa viwili. Wafalme walilijua jambo hili. Katika jumba la Versailles, huko Ufaransa, mfalme Ludoviko wa Kumi na Nne alijengewa, kati ya mwaka 1678 na 1684, ukumbi wenye madirisha 17 upande mmoja, na upande wa pili matao 17 ya vioo yanayoyaelekea, vioo 357 jumla. Siku zile kioo kilikuwa mali ya wakuu. Nyuma yake kilipakwa bati na zebaki, sumu iliyowadhuru mafundi. Mwaka 1835 mtaalamu Mjerumani, Justus von Liebig, alipata njia ya kupaka kioo fedha, na baadaye kioo kikashuka bei hata kikafika kwetu. Kumbe nilikuwa nimelifundisha somo lote, nisifikiri hata siku moja juu ya mwanamke ashonaye gizani nyumbani kwangu.

Kwa kuwa wasomaji wengi wana vyumba kama changu, nitaeleza sasa yale niliyojifunza kwa fundi na kwa makosa yangu.

Kwanza, chagueni milango ya kusukuma kando juu ya reli, maana haihitaji nafasi ya kufungukia. Njia yetu ya sentimeta 80 sasa ni 80 usiku na mchana. Lakini reli ya chini hujaa vumbi. Ifagiliwe kila juma, la sivyo mlango hukwama.

Pili, kumbukeni uzito. Kioo chenye unene wa milimeta 4 kina kilo 10 kwa kila meta moja ya mraba. Mlango wetu mmoja, wenye kioo cha meta 1.80 kwa sentimeta 60, hubeba karibu kilo 11 za kioo peke yake, bila ubao. Kabati lililolegea halifai kabisa. Kwanza liimarishwe, lifungwe ukutani kwa parafujo, ndipo likabidhiwe mzigo huo.

Tatu, kioo kilale chote juu ya ubao, na kingo zake zifichwe ndani ya fremu. Hivyo mtoto akikipiga kwa mpira, vipande havitaruka ovyo. Mafundi wengine hubandika kwanza nyuma ya kioo karatasi ya nailoni yenye gundi, ili kikivunjika vipande vibaki vimeshikana. Gundi nayo ichaguliwe. Ile itoayo harufu kali ya siki hula rangi ya fedha iliyo nyuma, na baada ya muda madoa meusi hutokea.

Nne, unyevu ni adui. Wakati wa mvua kioo huanza kuwa cheusi pembeni, hasa chini. Msikisimamishe juu ya sakafu, wala msimwage maji juu yake. Futeni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kwa kitambaa kikavu.

Tano, asiye na fedha nyingi asikate tamaa. Ili mtu ajione toka kichwa hata miguu, kioo cha nusu ya urefu wake chatosha. Mtu wa meta 1.70 anahitaji sentimeta 85 tu, kikianza kwenye sentimeta 80 toka chini na kwisha kwenye meta 1.65. Nimewapimisha wanafunzi wangu kwa chaki ukutani, nao hawakuamini mpaka walipojaribu. Tena kioo kilichopanda hivyo kiko mbali na teke la watoto na maji ya kudekia.

Sita, jueni kwamba kioo huzidisha kila kilicho mbele yake. Huzidisha nuru, na huzidisha fujo pia. Juma la kwanza niliona mirundo miwili ya madaftari, jozi nne za viatu, na nguo chafu mara mbili. Tangu hapo nimejifunza kuweka vitu vyangu mahali pake, jambo ambalo mama yangu, walezi wa seminari na mke wangu walijaribu kunifundisha, wasiweze.

Bibi yake mke wangu alipokuja kututembelea, aliogopa sana. Radi iliponguruma alitaka milango yote ifunikwe, asije umeme wa mbinguni ukavutwa nayo. Nilimweleza kwa heshima kwamba kioo hakivuti radi. Akanisikiliza kwa heshima vilevile, kisha akafunika. Tumeweka pazia jepesi mbele ya kabati. Bibi hulivuta wakati wa mvua, nasi hulivuta usiku, kwa kuwa mvulana wetu, akiamka na kuingia chumbani, alishtushwa na mtoto mwingine aliyekuja kumlaki.

Lakini usiku ule wa kwanza pazia lilikuwa bado. Umeme ulikuwa umekatika, kama ilivyo desturi yake. Mke wangu aliwasha mshumaa juu ya kigoda, naye akaketi ukingoni mwa kitanda na rozari mkononi. Mimi nilikuwa nimekwisha kulala upande wa dirisha. Hivyo ndivyo tulivyofanya kila usiku tangu mazishi: mimi hulala, yeye huketi na kusali, nami huuona mgongo wake hata usingizi unichukue. Mgongo wa mtu anayesali umetulia. Nami nilisema moyoni, mke wangu amepokea mapenzi ya Mungu.

Usiku ule nikafumbua macho, na mbele ya mgongo ule nikauona uso wake katika kioo. Machozi yalikuwa yakishuka, naye hakuyafuta, kama mtu aliyeyazoea. Midomo ilikuwa ikisema Salamu Maria. Miezi saba! Na mimi nyuma yake, kwa umbali wa mkono.

Nikataka kujifanya nimelala. Lakini sheria ya nuru haina upendeleo: ukiyaona macho ya mtu katika kioo, naye anayaona yako. Akaniona. Tukatazamana hivyo, bila yeye kugeuka.

Nikamwambia: «Mama, nilidhani umepona.»

Akanijibu: «Nami nilidhani wewe umemsahau.»

Sharti niungame hapa kosa langu, maana ndiyo sababu ya kuandika. Siku ya tatu baada ya mazishi nilimwambia mke wangu kwamba mtoto mbatizwa ni malaika mbinguni, na kwamba kulia sana ni upungufu wa imani. Neno la kwanza ni kweli. La pili nililitia mimi. Bwana wetu alilia mbele ya kaburi la Lazaro, naye alijua kwamba punde atamfufua. Nililinena kwa kuwa machozi yake yalinitisha, nami sikutaka yangu yaonekane. Basi yeye akanitii. Akalia mahali nisipoona.

Usiku ule tulilitaja jina la mtoto kwa mara ya kwanza tangu kuzikwa. Tuliongea hata mshumaa ukaisha. Tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, tulikwenda kanisani sote watatu, kisha makaburini. Nilimwomba Padri Misa. Mtoto yule hakuihitaji. Sisi ndio tulioihitaji, naye Padri alielewa bila kuulizwa.

Kesho yake niliporudi shuleni, kile kioo kidogo cha ukutani kilikuwa kimegeuzwa. Nani alikigeuza sikuuliza. Sasa mvulana wetu hukitumia kuchania nywele kabla ya shule.

Wake za majirani huja kujaribu magauni yao mbele ya milango yetu, nao huchekana sana. Zamani kelele hizo zingeniudhi. Mke wangu hushona bila taa mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, na kazi imeongezeka hata fedha za fundi zimekwisha kurudi.

Enyi waume wenzangu, na hasa ninyi mliosoma: wake zenu wakiomba kitu kidogo cha nyumbani, msiwe wepesi kuwajibu kwa Maandiko. Ulizeni kwanza kwa nini wanakiomba. Na usiku, kama hamna kioo, inukeni mzunguke kitanda, mkamtazame mtu aliyewapa mgongo.