Mtungi wa Trafiki

Kwa miaka minne mtungi wangu wa kuzimia moto ulikaa kwenye buti, chini ya kapeti, kando ya tairi la spea, ukiwa bado ndani ya nailoni yake. Niliununua siku ileile niliyochukua gari, pamoja na reflekta mbili, kwa sababu niliambiwa kwamba bila vitu hivyo trafiki hawataniacha nipite. Na kweli, kati ya Korogwe na Handeni niliulizwa mara nyingi.

"Mtungi upo?"

"Upo, afande."

"Haya, nenda."

Mara chache niliambiwa nifungue buti. Niliinua kapeti, afande akaona kitu chekundu, akanirudishia leseni yangu. Tuliachana kila mtu ameridhika. Hakuna aliyewahi kuniuliza ningechukua muda gani kuutoa pale.

Aliyeuliza alikuwa mjomba. Anaishi Kwamndolwa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ujanani alikuwa mwanafunzi wa gereji Tanga mjini, kwa mafundi waliokuwa wakitengeneza magari ya rali. Mashindano hayo si mageni kwetu: Safari ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mjomba hakuwahi kuendesha gari la mashindano hata siku moja, lakini alijua kila kilichofungwa ndani yake. Alisema dereva wa rali huketi akiwa amekazwa mikanda, na mtungi uko mahali ambapo mkono wake unaufikia bila kuifungua. "Wewe wako," aliniambia, "ni wa trafiki."

Nilicheka. Mimi sikimbizi gari, nilimjibu. Nabeba mahindi na wagonjwa.

Asubuhi ya tukio nilikuwa nimebeba vyote viwili. Mama alikuwa na kliniki ya presha Magunga, na jirani alikuwa ameniomba nimpitishie magunia mawili mashineni. Hatujafika mbali nikasikia harufu ya petroli. Nikadhani ni lori lililotutangulia. Kisha moshi ukaanza kutoka kwenye ukingo wa boneti, mwembamba, halafu mweusi. Nikaegesha kando ya shamba la mkonge, nikazima injini, nikaruka nje.

Nilikimbilia buti.

Nimejaribu kuisimulia sehemu hii kwa namna nyingi, lakini ukweli ni huo. Sikuzunguka kumfungulia mama mkanda. Nilikimbia nyuma, nikaanza kuvuta magunia ya watu, nikayaangusha lami, nikang'oa kapeti, nikaupata mtungi, nikapambana na nailoni kwa meno. Niliporudi mbele, kijana wa bodaboda alikuwa ameshamtoa mama na kumketisha kwenye majani. Nilivuta pini kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Unga ulitoka pumzi moja, kisha ukakwama. Miaka minne ya kutikisika barabarani ulikuwa umejishindilia chini kama saruji iliyopata unyevu. Moto ulizimwa na watu wa bodaboda kwa mchanga, baada ya kula nyaya zote na nusu ya injini. Fundi alisema baadaye kwamba mpira wa petroli ulikuwa umepasuka.

Mama hakuungua. Jioni, tukiwa tumekaa barazani, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuona kwenye kioo unakwenda nyuma. Nikadhani umenikimbia, mwanangu."

Sikuwa na la kusema. Kwa namna fulani alikuwa sahihi.

Gari liliporudi kutoka gereji nilinunua mtungi mpya, na safari hii nikaamua kuwa na akili. Niliuweka chini ya kiti changu, mkononi kabisa. Sikuufunga. Ulikaa vizuri wiki nzima, nikajisifu. Wiki ya pili, njia ya Handeni, mbuzi watatu walivuka ghafla. Nikakanyaga breki, gari likapungua, na kile kitu chekundu kikabingirika kutoka chini ya kiti hadi miguuni pangu. Nilipokanyaga tena, pedali ilishuka kidogo ikagota. Mtungi ulikuwa chini yake. Nilivuta breki ya mkono, nikaishia kwenye mtaro. Mbuzi walipita salama. Mimi nilikaa ndani ya gari muda mrefu, miguu ikitetemeka, nikiukanyaga ule mtungi kama nyoka.

"Shikamoo, mjomba," nilisema jioni hiyo mlangoni pake.

"Marahaba, mjomba. Leo umekuja bila kucheka."

Siku iliyofuata alikuja na vipande vya bapa na boksi la spana. Cha kwanza alichofanya ni kutupa kile kishikio cha plastiki kilichokuja na mtungi. Kisha akanifundisha hesabu. Kanuni za mashindano za FIA zinataka kishikio cha mtungi kihimili nguvu ya mara 25 ya uzani wake, kwa sababu gari linapogonga, kila kisichofungwa kinaendelea na safari. Mtungi wetu, chuma na unga pamoja, ulikuwa kama kilo 2.

"Mara 25 ni ngapi?"

"Hamsini."

"Mfuko wa saruji," alisema. "Utakutoka miguuni au utampata mama yako kisogoni. Chagua."

Hatukutoboa sakafu. Alitumia bolti zilezile zinazoshika kiti cha abiria, akakata bapa likae juu yake, akachomelea kitako cha mtungi mbele ya ukingo wa kiti. Aliulaza mtungi kwa upana wa gari, si kwa urefu, na kila upande akaweka kidole cha chuma ili usichomoke kama risasi. Mikanda yake ilikuwa miwili, ya chuma, yenye klipu za kufyatua, na ndani yake akabandika mpira wa tairi la baiskeli ili isikwaruze. Alipomaliza alishika mtungi kwa mikono miwili akauvuta mpaka gari zima likayumba kwenye springi zake. Mtungi haukusogea.

"Sasa kaa. Funga mkanda. Fumba macho."

Mama alisimama dirishani akihesabu. Mara ya kwanza alifika tisa kabla sijaupata. Mara ya sita alifika tatu. Kisha mjomba akamwambia mama aketi yeye, na yeye akaupata kwa nne, mkanda ukiwa kifuani. Akafundishwa na pini. Tukakubaliana utaratibu: kuzima injini, watu kutoka, simu ya 114, halafu ndiyo mtungi. Boneti isifunguliwe wazi, maana hewa inaulisha moto. Inuliwe kidogo tu, unga upulizwe chini ya ndimi, upepo ukiwa mgongoni. Mtungi wa kilo moja ya unga hudumu sekunde chache. Usipotosha, acha gari liungue.

Juni 28, 2025, pale Sabasaba, Same, kwenye barabara yetu hii ya kwenda Moshi, basi na basi dogo yaligongana yakashika moto, na watu zaidi ya 30 wakafa. Usiku ule mjomba alikuja kwetu, tukasikiliza habari bila kuzungumza. Mtungi kama wangu usingefanya lolote kwenye moto wa namna ile, najua. Hata hivyo asubuhi nilitoka na tochi kabla ya chai, nikatazama mshale kwenye geji, nikaupindua mtungi, nikaugonga kitako kwa nyundo ya mpira mpaka nikausikia unga ukiteremka ndani. Nafanya hivyo kila mwanzo wa mwezi.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakwenda tena kliniki. Tukasimamishwa.

"Mtungi upo?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alitangulia. "Upo, afande." Aliinama na mkanda wake, akafyatua klipu mbili, akaupakata mtungi mapajani.

Afande alitazama buti, akamtazama mama, akacheka. "Haya, nendeni."

Mama aliurudisha mwenyewe. Sikuondoa gari mpaka niliposikia klipu ya pili ikifunga.