Punguza Sauti, Mama

Mwaka 1997, kushuti mchezo pale Magomeni kulihitaji kamera moja ya VHS, ya kuazima kwa mpiga picha za harusi, na siku ambayo hakuna harusi. Ndiyo maana tulifanya kazi katikati ya wiki. Mimi nilikuwa kijana wa kushika ubao tulioubandika karatasi ya kung'aa, niurushe mwanga wa jua usoni mwa waigizaji, na kuwafukuza watoto waliojazana uani.

Televisheni ilikuwa bado mgeni kwetu. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara tuliingoja hadi 1994. Hivyo hapakuwa na mwigizaji wa kamera. Walikuwapo wa vikundi vya sanaa, vile vilivyozunguka kwenye kumbi za baa vikiwa na ngoma, sarakasi na vichekesho. Hao walizoea kupaza sauti mpaka mlevi wa kiti cha mwisho asikie. Na walikuwapo wa michezo ya redio, kwani Twende na Wakati ilikuwa inavuma Radio Tanzania tangu 1993 na kila mtu akajiona anaweza. Hao sauti zao tamu, ila mwili umelala: mtu anatangaza msiba mikono ikiwa inaning'inia tu.

Mwongozaji wetu, aliyesoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo, tulimwita Mwalimu. Andishi hakuwa nalo. Alikaa nasi barazani akatusimulia kisa, akagawa nafasi, maneno kila mtu akajitungia. Siku hizi vijana wanatucheka, wanasema ndiyo sababu michezo ya zamani ilijaa porojo. Mimi nilikuwapo, na naona porojo ilitoka kwenye woga. Mtu asiyejua afanye nini mbele ya kamera hukimbilia kusema. Mwalimu alilijua hilo, na dawa yake ilikuwa kuwapa watu kazi ya mikono.

Nakumbuka zaidi sini ya mkwe na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa mkongwe wa jukwaani, mama wa watu mwenye kifua cha kuimba usiku kucha. Akasimama katikati ya ua, mikono juu, uso kwenye kamera, akaanza kufoka hadi jirani akachungulia ukutani.

"Punguza sauti, mama," Mwalimu akamwambia. "Kwani unamsema nani?"

"Si huyu mkwe wangu."

"Mbona unawatazama watu wa Magomeni?"

Tulicheka, yeye hakucheka. Mwalimu akaingia ndani, akarudi na ungo wa mchele, akamketisha kwenye kigoda. "Chambua. Ukiona jiwe, litoe kwanza, ndipo umtukane." Kisha akamvuta pembeni yule binti aliyecheza mkwe, akamnong'oneza. Nilikuwa karibu, nikasikia: asijibu neno, ahesabu tu mawe yanayotupwa, mwisho ataulizwa ni mangapi.

Yule mama akaanza. Neno likafika mdomoni, jicho likaona jiwe, akanyamaza, akalitoa, akalitupa, halafu akalimalizia lile tusi kwa sauti ya chini kabisa. Lilichoma kuliko kelele zote za asubuhi. Na binti, kwa kuwa alikuwa akifuata mawe kwa macho, akawa ameinamisha kichwa muda wote. Ukimtazama ungeapa kwamba ni aibu. Mpiga picha alisahau kukata, akaendelea hadi mchele ukaisha.

Kilio cha kupaka Vicks chini ya macho Mwalimu alikikataa. Machozi yanatoka, alisema, lakini uso haujui sababu.

Ukali wake wote aliumaliza kwenye mazoezi, kamera ikiwa bado begini, na ulikuwa na maana. Mashine ya kuhariri hatukuwa nayo. Tulishuti sini kwa kufuatana kama kisa kinavyokwenda. Anayekosea, kaseti inarudishwa nyuma na kurekodiwa juu yake. Ukiirudisha kupita kiasi, umekula mwisho wa sini iliyopita, na wale waigizaji pengine wameshapanda daladala. Hapo ndipo adhana, mbwa na betri inayokata vilipokuwa maadui wa kweli. Tofauti na hivyo, nimewahi kukaa baadaye kwenye lokesheni zenye kamera tatu na taa za jenereta, dairekta yuko kwenye kioo chake mbali, mwigizaji anarudia mara kumi bila kuambiwa abadilishe nini.

Mchezo ulionyeshwa kwenye mabanda ya video, kwa kiingilio, na kaseti zikazunguka mtaani kwa kuazimana. Wiki haijaisha, yule mama mkwe akaja kwa Mwalimu amefura. Muuza samaki sokoni amekataa kumuuzia, amemwambia akale mchele wake wenye mawe. Mwalimu akafurahi mno, jambo lililomwudhi zaidi mama wa watu. Mama akasema mchezo unaofuata apewe nafasi ya mtu wa dini, la sivyo nauli yake iongezwe. Aliongezewa nauli.