Kuchagua Diski na Kulinda Sitara



Zamani mama alikuwa na sanduku moja la kuhifadhia hati ya nikaha, vyeti vya watoto na leso za arusi. Leo nyumba nyingi zina sanduku la pili, nalo ni kipakatalishi. Humo mna picha za jamaa waliotangulia mbele ya haki, sauti za watoto wakisoma juzuu zao, kazi za shule na hesabu za biashara ndogo za akina mama. Kinapougua, shauri la kukitibu ni shauri la nyumba nzima, wala halifai kuachiwa fundi peke yake.

Sisi ni watu wa pwani tunaoishi Embu, na binti yetu anasoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru. Kipakatalishi chake ni Lenovo ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, tulichokinunua kikiwa kimeshatumika. Muhula uliopita kikawa kinawaka kwa dakika nyingi, kisha kinaganda katikati ya kazi. Kilipopimwa ilionekana kuwa ni diski iliyochoka; vyote vingine vilikuwa vizima. Wapo waliotushauri tuchukue mkopo wa simu tununue kipya. Mkopo huo una riba, na kukitupa kitu kizima kwa sababu ya kiungo kimoja ni israfu. Tukaazimia kubadilisha diski.

Diski za zamani zina sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba unaosoma bila kuigusa. Mtu akisafiri na mashine iliyo macho katika njia ya Embu kwenda Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, kwa kona zake na matuta yake, diski ya namna hiyo hupata taabu. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Huhifadhi kila kitu katika vipande vya kumbukumbu vilivyotulia, na kwa hiyo ni nyepesi, ni kimya, na huistahimili safari.

Jambo la kwanza katika kuchagua ni umbo na tundu. Mashine kama T430 hupokea diski ya SATA ya inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7. Muuzaji mmoja alitusisitizia tuchukue aina ya NVMe, iliyo kama kijiti chembamba, kwa kuwa huweza kusoma megabaiti 3,500 na zaidi kwa sekunde, ilhali SATA huishia karibu 550. Kasi hiyo ni ya kweli, lakini mashine yetu haina mahali pa kuitia. Tena SATA hiyo hiyo huishinda diski ya kuzunguka mara kadhaa, kwani nyingi kati ya hizo hutoa kama megabaiti 100 tu kwa sekunde. Mwenye mashine ya miaka ya karibuni atazame zaidi, kwa sababu vijiti vya M.2 vya SATA na vya NVMe hufanana sana machoni, na mashine nyingine hukubali aina moja tu. Soma namba ya toleo chini ya mashine, ujue inakubali nini, ndipo utoe fedha.

La pili ni ukubwa na uaminifu wa kipimo. Diski ya gigabaiti 500 ikionyesha 465 kwenye Windows, hujapunjwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024. Jihadhari na terabaiti 2 zinazouzwa kwa bei ya gigabaiti 250. Baadhi ya hizo huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani, iliyofundishwa kusema uongo juu ya ukubwa wake. Inapojaa huandika juu ya yaliyotangulia, na picha zako hupotea kimya kimya. Surat al-Mutaffifin iliteremka kuwaonya wapunjao vipimo, na hii ni pishi ya zama zetu. Dawa yake ni kuijaza diski na kuisoma tena kwa programu kama H2testw kabla hujatia kitu chochote, na kabla siku za kurudisha hazijapita.

Tazama pia dhamana. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250, kwa mfano, hudhaminiwa miaka 5 au terabaiti 150 za kuandikwa, lolote litakalotangulia. Mwanafunzi akiandika gigabaiti 20 kila siku, terabaiti hizo zitamchukua takriban miaka 20. Hahitaji kulipia zaidi ya hapo.

La tatu, nalo ndilo zito kwangu, ni diski ya zamani. Katika ile yetu mlikuwa na picha za usiku wa kupamba, usiku wa wanawake watupu, ambapo bibi arusi na wageni wake huwa bila buibui wala mtandio. Fundi alitaka tumwachie mashine alale nayo akihamisha mafaili. Sikumdhania vibaya, ila sitara ya wanawake wale haikuwa yangu kuigawa. Tulinunua kikasha cha USB cha bei nafuu, tukanakili wenyewe nyumbani, na diski mpya tukaitia kwa bisibisi ya nyota.

Wala kufuta hakutoshi. Faili linapofutwa kwenye diski ya kuzunguka, kinachoondoka kwanza ni anwani yake. Picha yenyewe hubaki hadi iandikwe juu, na mjuzi aweza kuifufua. Basi diski kuukuu isiuzwe wala isiachwe dukani. Ikiwa ingali nzima, iwekwe kama nakala ya akiba. Ikiwa imekufa, itobolewe kwa keekee hadi sahani zake ziharibike. Na nakala za picha ziwe mbili, kwani SSD iliyofungiwa kabatini miaka mingi bila umeme yaweza kusahau iliyobeba.

Binti yetu amerudi Nchiru na mashine inayowaka kabla chai haijapoa, alhamdulillahi. Dada yangu unayekusudia kufanya kama sisi, jiulize matatu kabla ya kufungua mkoba: itaingia, ni ya kweli, na ile ya zamani itakuwa mikononi mwa nani? Swali hilo la mwisho ni la amana, na amana itaulizwa.

Wabillahi tawfiq.