Kiki thelathini saa kumi alfajiri

Haya, leo siasa tuiweke kando. Nataka kuongelea pikipiki yangu, na aibu iliyonipata Julai 2023 ambayo nikiikumbuka bado natafuta pa kuficha uso.

Nilihamia Njombe kikazi nikiwa na pikipiki niliyoinunua Dar, mkono wa pili (au wa nne, nani ajuaye?). Injini yake ni ya aina ya Honda CG 125, ile iliyoanza miaka ya 1970 na Wachina wakainakili mpaka basi. Dar ilikuwa inawaka kwa kiki moja. Nilikuwa naitamba kweli kweli.

Njombe ni habari nyingine. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ukimwambia mtu "kamwene" mvuke unakutoka mdomoni kama umevuta sigara. Pikipiki yangu ikaanza visirani. Kiki tano. Kiki kumi. Mwishoni nikawa naisukuma mpaka kwenye mteremko, naingiza gea ya pili, naachia klachi, inakohoa halafu inawaka. Nikazoea. Mtu huzoea hata kero, mradi kazi inaenda. Nilijisemea ni baridi tu, Agosti ikiisha itapona yenyewe.

Sasa, usiku mmoja saa kumi nikasikia mlango unagongwa kama unataka kung'olewa. Alikuwa jirani yangu wa chumba cha pili, kaka mmoja mpole, mfanyakazi wa shamba la miti. "Mwandishi, amka! Shemeji yako uchungu umemshika." Bodaboda aliyekuwa ameongea naye alikuwa hapokei simu. Gari hakuna. Pikipiki ipo, yangu, pale kibarazani, imefunikwa turubai kama bibi harusi.

Nikaifungua. Nikageuza choki, kile kimkono kidogo kilicho pembeni ya kabureta. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga huku nazungusha mkono wa mafuta kama ninakamua nguo. Kimya. Shemeji amekaa kwenye ngazi amejifunga mablanketi mawili, anauma midomo asipige kelele. Nilihesabu mpaka kiki ya thelathini, jasho linanitoka kwenye baridi ile, na mume wake amesimama pembeni hasemi neno. Bora angenitukana. Mteremko wangu uko upande wa pili wa barabara, tukaisukuma wawili, nikaachia klachi, ikakohoa, ikafa. Tukairudisha. Saa kumi na nusu ikapita.

Aliyetuokoa ni mzee wa nyumba ya kona aliyesikia purukushani, akatoa pikapu yake ya kubebea viazi. Walifika hospitali salama, mtoto wa kiume akazaliwa kabla jua halijatoka. Mimi nilibaki uani nimeshika usukani wa chuma kilichokufa.

Saa tatu nilikuwa kwa fundi. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba ni kimo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba juu huku hewa ni nyepesi, kwa mita 2,000 ina upungufu wa karibu moja ya tano, kwa hiyo kabureta iliyotegwa Pwani inaingiza petroli nyingi kuliko hewa, basi injini inasongwa. Akanisikiliza hadi mwisho, maana watu wa Njombe wana adabu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Plagi uliitoa ukaiangalia?"

Sikuitoa.

Akaitoa yeye. Kavu kabisa. "Ingekuwa imesongwa ingekuwa imelowa na inanuka mafuta. Hii ina njaa."

Hapo nikagundua kwamba elimu yangu ilikuwa nusu. Kweli juu huku mchanganyiko unazidi mafuta, na injini ikishapata moto hilo linaonekana kwenye plagi nyeusi na nguvu kupungua. Lakini asubuhi ya baridi shida ni nyingine. Petroli ya majimaji haiwaki vizuri, inayowaka ni mvuke wake. Chuma kikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inaganda kama umande kwenye kuta za njia ya kuingilia na kwenye silinda, na kinachofika kwenye cheche ni mvuke kiduchu uliozidiwa na hewa. Ndiyo kazi ya choki: inaziba hewa kwa muda ili injini ifyonze mafuta mengi, na katika hayo mengi upatikane mvuke wa kutosha.

"Lakini choki nilifunga," nikajitetea.

Fundi akachomoa mpira wa hewa nyuma ya kabureta, akaniambia nichungulie huku anageuza kile kimkono. Kinageuka vizuri, ndani hakuna kitu! Kibati cha kuzibia hewa hakipo. Fundi fulani wa huko nyuma alikitoa, labda kilikwama, na kwa kuwa Dar hakuna anayekihitaji, hakuna aliyejua. Miezi yote ile nilikuwa nageuza pambo.

Kisha akafanya kitu ambacho kama ningekijua usiku ule... Aliweka kiganja chake kwenye mdomo wa kabureta, akauziba karibu wote, akaniambia nipige kiki bila kugusa mkono wa mafuta. Ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa, akaachia hewa kidogo, ikawaka. Kiganja cha mtu! Nilitamani kukaa chini.

Na lile la kuzungusha mkono wa mafuta wakati wa kupiga kiki, akanikemea kabisa. Kabureta hizi hazina pampu ya kurushia mafuta kama za magari ya zamani, kwa hiyo kuzungusha injini ikiwa imezima hakuongezi chochote. Ukizungusha huku unapiga kiki unafungua hewa, na ule mvuto wa kunyonya mafuta unapotea. Yaani mimi nilikuwa naizuia isiwake, kwa juhudi zangu zote.

Hakuishia hapo. Ile jeti ndogo, inayolisha injini ikiwa taratibu, ilikuwa na utando wa petroli iliyolala muda mrefu. Akaiosha na kuipuliza, hakuichokonoa kwa waya, anasema waya unapanua tundu. Halafu valvu. Akatumia wembe kupima nafasi yake, na wembe haukuingia kabisa. CG inataka kama 0.08 mm injini ikiwa baridi, wembe una karibu 0.1 mm, kwa hiyo unatakiwa ukatae kidogo tu, siyo ugonge ukuta. Valvu ikibana hivyo haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, na kwa injini hii inabana zaidi ikiwa baridi kwa sababu silinda ya alumini haijatanuka. Oili nzito nayo tukaibadilisha. Kabureta ya mtumba yenye kibati chake ilipatikana baada ya siku nne.

Sasa hivi asubuhi nafungua koki ya mafuta na kuhesabu taratibu mpaka ishirini, bakuli lijae. Choki yote. Swichi ikiwa bado imezimwa, nakanyaga kiki mara mbili tatu pole pole, ivute mafuta na kulainisha oili. Ndipo nawasha swichi na kupiga kiki moja ya nguvu, mkono mbali na mafuta. Ikishika naiacha nusu dakika, narudisha choki nusu, halafu yote kabla ya kutoka, maana ukiisahau, plagi inakuwa masizi na petroli inaosha oili kwenye silinda. Nikijua sitaiendesha siku kadhaa nafunga koki na kumwaga iliyomo kwenye bakuli. Ikigoma, natoa plagi kwanza, kabla ya kuvunja mguu.

Nilikwenda kuwaona wale jirani wiki hiyo hiyo, na sukari kilo mbili na maneno niliyokuwa nimeyapanga. Shemeji alinikatiza. "Kaka mwandishi, ulipiga kiki mpaka nikakuonea huruma mimi mwenye uchungu." Mumewe alicheka kwanza, halafu akatazama chini, nikajua kwamba usiku ule uliwahi kumtisha zaidi ya alivyoonyesha.

Mtoto anakimbia siku hizi. Wiki iliyopita nimeletewa malalamiko rasmi: pikipiki yangu inawaka saa kumi na moja na nusu kwa kiki moja, inamwamsha, na akishaamka halali tena. Naombwa niisukume mpaka barabarani ndipo niiwashe.

Basi kesho nitaisukuma.