Mganga na Kungwi

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii niliijua kabla sijajua kuandika jina langu, na kwa miaka kumi na mitano sasa naifundisha chuoni. Huwauliza wanafunzi: ikiwa yaliyopita si ndwele, mbona tendo lililochaguliwa kwa yajayo ni lile lile la ndwele? Kuganga, kwa maana yake ya zamani, ni kufunga kilichovunjika na kuunga kilichokatika. Nani awezaye kufunga mguu ambao haujavunjika? Wanafunzi hucheka, nami hufurahi kuwa nimewashinda kwa hoja, kisha saa ya somo huisha. Sikudhani kwamba swali hilo litanifuata nyumbani kwetu Newala, wala kwamba jibu langu la kwanza litakuwa kosa.

Siku hizi mijini mwetu wamo watu wa kazi mbili zinazofanana kwa mbali. Wa kwanza ni mtaalamu wa tiba ya nafsi, aliyesomea akili na maradhi yake, ambaye hukaa na mtu faraghani, humsikiliza, na kumwuliza maumivu yalianza lini na yalianzaje. Wa pili ni mkufunzi wa maisha, ambaye vijana humwita kocha. Huyu hamwulizi mtu sana juu ya alikotoka. Humwuliza anataka kufika wapi, atafika lini, na kesho asubuhi ataanza na hatua gani. Wote wawili hukaa mbele ya mtu mwenye mashaka, wote hulipwa kwa saa, na bidhaa yao wote ni maneno. Si ajabu kwamba mpita njia huwaona kuwa kitu kimoja.

Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, na nianze na maneno. Neno kocha tumelipata kwa Waingereza, nao asili yake ni kijiji cha Kocs huko Hungaria, kilichosifika zamani kwa kuunda magari ya farasi. Kiasi cha mwaka 1830 wanafunzi wa Oxford walianza kwa utani kumwita hivyo mwalimu wa kukodi, aliyembeba mwanafunzi mpaka akavuka mtihani kama gari limbebavyo abiria. Kutoka hapo neno likaenda viwanjani, likatufikia sisi kwa mpira wa miguu, na mwishoni mwa karne ya 20 Wamarekani wakalivika maisha yenyewe. Shirikisho la kimataifa la makocha liliundwa huko mwaka 1995. Tiba ni neno la Kiarabu, lakini lile ambalo Wazungu hulitumia kwa kazi ya mtaalamu wetu wa kwanza lilitoka kwa Wayunani, na maana yake ya awali ilikuwa kuhudumia, kukaa karibu na mtu na kumtumikia. Basi mmoja hubeba na mwingine hukaa karibu. Gari, msomaji, ni kitu kizuri, ila abiria wake hutakiwa aweze kulipanda.

Kwetu kazi hizi mbili zilitengwa zamani sana. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu husimama na kuliona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe matupu. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa nchi hiyo wana mganga na wana kungwi, na hakuna mtoto asiyejua tofauti yao. Mganga huitwa kwa jambo lililokwisha kutokea: mtu ameanguka, hali, hasemi, ameona asiyoyaona mwingine. Kungwi huitwa kwa jambo ambalo halijatokea: ndoa, uzazi, msiba, njaa, adabu mbele ya wakwe. Mwari hapelekwi unyagoni kwa sababu ana kasoro. Hupelekwa kwa sababu ni mzima, na uzima wake wataka kufundwa.

Wageni waliliona jambo hili na kulistaajabia. Karl Weule, Mjerumani wa Leipzig, alizunguka Masasi na Newala mwaka 1906 na kuandika alivyoruhusiwa kuona katika unyago. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakulipiga marufuku jando. Alilitia ndani ya kanisa, akaondoa baadhi ya mambo na kuacha mengine. Upande wa wasichana ulimshinda zaidi, na mimi kama mwanamke sikushangaa niliposoma habari hiyo. Dayosisi hiyo hiyo ilikuwa na hospitali yake Lulindi, ambako daktari Leader Stirling alifika mwaka 1935. Jando lilikuwapo na hospitali ilikuwapo, na hakuna aliyedhani kuwa nyimbo za jandoni zaweza kuponya kichocho.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa kungwi. Yasemwayo ndani sitayaandika, kwa maana nilikatazwa na bado naogopa. Lakini liko jambo moja alilonieleza nje, tukimenya mihogo. Alisema kuwa usiku wa kwanza hafundishi neno. Hukaa akiwatazama wari: nani anakula, nani analala, nani hutazama pembeni akiitwa. Mwaka mmoja aliona msichana ambaye hakula wala hakulala siku mbili, na kila akiguswa alitetemeka. Bibi akaisimamisha ngoma yake, akamshika mkono na kumrudisha kwa mama yake. Akasema, "Huyu si wangu. Nikimfunda sasa, atanisikia kama mtu asikiavyo mvua." Watu walinung'unika, kwa sababu kumrudisha mwari ni aibu. Naye alivumilia manung'uniko.

Nilikuwa na hadithi hiyo moyoni mwaka 2019, lakini sikuitumia. Mdogo wangu wa kiume alifiwa na mkewe mwezi wa Aprili. Alikuwa na mikorosho mizuri, akaiacha iote magugu. Watoto wakahamia kwa mama. Mimi, mwenye shahada ya udaktari wa falsafa, niliona uvivu ulioambatana na huzuni, nikampigia simu kumsomea methali ile ambayo huwa naikosoa darasani. Kisha nikamlipia nauli na ada ya semina ya siku tatu Dar es Salaam, kwa mkufunzi wa maisha mwenye sauti nzuri na wafuasi wengi. Sina nia ya kumlaumu. Alifanya kazi yake kwa watu ukumbi mzima, na yamkini wengi walitoka na faida. Mdogo wangu alirudi na karatasi yenye kichwa "Malengo ya Miaka Mitano", akaibandika ukutani, akalala chini yake. Kila alipoamka aliiona, na kila alipoiona alijua ameshindwa hata hilo.

Nilipokwenda likizo, Bibi alikuwa tayari mkongwe, haoni vizuri. Alimsikiliza mjukuu wake akipumua chumba cha pili, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu analala?"

Nikasema, "Sijui, Bibi."

"Anakula?"

"Sijui."

"Umempeleka mpaka Dar es Salaam, wala hujui?"

Sikuwa na la kusema. Wiki ile ile tulimpeleka hospitali, kwa muuguzi aliyefunzwa maradhi ya akili, naye aliuliza maswali yale yale mawili kabla ya jingine lolote. Nikajifunza hapo kuwa mtaalamu wa kweli, wa kazi hii au ile, hujulikana kwa mtu anayemkataa. Katika nchi nyingi jina la mkufunzi wa maisha halilindwi na sheria, na mtu aweza kujipa mwenyewe leo asubuhi. Mganga wetu wa jadi sharti asajiliwe, kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Hili ni la ajabu kidogo. Hata hivyo hati peke yake haitoshi, kwa kuwa Bibi hakuwa nayo.

Wala nisije nikadhaniwa kuwa nauweka mpaka huu mahali pasipovukika. Huko Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake wa makamo na mabibi, wasio madaktari, kukaa bencheni karibu na zahanati na kuwasikiliza watu wenye ugonjwa ambao Washona huuita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti wa watu 573 ulichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, wenye dalili za sonona miongoni mwa waliokaa na mabibi walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, 50. Bibi wa benchini huanza kwa kusikiliza. Mgonjwa akishafunguka, ndipo humwomba achague shida moja na kutafuta hatua moja. Yaani mganga kwanza, kungwi baadaye, katika mtu mmoja, juu ya benchi moja. Bibi yangu angewaelewa upesi kuliko mimi.

Mdogo wangu alizungumza na muuguzi yule kwa miezi minane, na kwa muda alikunywa dawa. Miezi ya kwanza, aliniambia, walizungumza juu ya Aprili tu. Kuelekea mwisho alianza kuchoshwa na Aprili. Muuguzi akamwambia kuwa sasa anahitaji mtu wa kumsimamia, si wa kumtibu, naye akamwendea mjomba, mkulima mkali asiyejua kubembeleza, ambaye alimtaka aripoti kila Jumamosi.

Nilipofika tena Newala karatasi ile haikuwapo ukutani. Niliikuta mezani, imegeuzwa. Nyuma yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na mstari mmoja: kupalilia mikorosho kumi na miwili ya upande wa mama, na kukopa salfa kwa mjomba.