Njia Isiyosimuliwa

Tuliufuata pamoja na watoto wetu mfululizo wa televisheni uitwao Krypton, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2018, unaosimulia habari za Seg-El, babu yake Superman. Mwaka 2019, baada ya misimu 2 yenye sehemu 20, ulikatishwa. Katika sehemu ya mwisho, mtoto mchanga Jor-El yumo mikononi mwa adui Brainiac, na baba yake anaondoka kumtafuta. Hapo ndipo hadithi ilipokomea.

Tuliwatuliza watoto: “Alipatikana, maana ndiye atakayemzaa Superman.” Kifungua mimba wetu akajibu: “Hilo tunalijua, Baba. Lakini alipatikana namna gani?”

Tulinyamaza. Ndivyo tunavyowasimulia hata miaka yetu ya kukimbia vita: “Tulipona,” basi. Mwisho wanaujua, kwa kuwa wao wenyewe ni ushahidi wake. Lakini nani alitupokea, nani alibaki njiani, hatukuwaambia kamwe. Waandishi wa Krypton walinyimwa nafasi ya kumaliza kusimulia. Sisi hakuna aliyetunyima. Jioni ile tulizima televisheni, tukaanza na siku ya kwanza ya safari.