Rozari Inapofika Mlangoni kwa Bibi



Ukitoka Mwanza kwa basi kufuata barabara ya Musoma, unapita Kisesa na Magu, ziwa likiwa upande wa kushoto, hadi Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hapo unakata kulia, na baada ya kilometa 70 na kitu unaingia Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Asubuhi utasalimiwa "Mwangaluka", nawe itikia vivyo hivyo. Ukikaribishwa matobolwa na chai, usikatae. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na ndivyo vinavyozivusha familia nyingi miezi ya njaa.

Hii ni nchi ya ng'ombe na pamba. Kwa pamba, Simiyu ndio mkoa unaoongoza Tanzania. Mbegu hufukiwa kwa mvua za Novemba na Desemba, wakati Kanisa limo katika Majilio. Kwaresima huwakuta akina mama kwenye palizi, ghala likiwa limepungua, hata mfungo wenyewe hauhitaji kutangazwa sana. Pamba huvunwa kuanzia Mei, mwezi wa Mama Maria. Nadhani kalenda ya Kanisa hueleweka upesi zaidi kwa mtu mwenye jembe.

Miti ni michache. Kwa hiyo mama wa kijijini hupikia mabua ya pamba na, kuni zikikosekana kabisa, kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyepuliza moto huo tangu akiwa binti, akifika umri wa kuitwa bibi, macho yake huwa mekundu. Na Usukumani macho mekundu ya bibi kizee yamehesabiwa kuwa alama ya uchawi. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu waliuawa Usukumani, na wengi wao walikuwa wanawake. Mambo hayakuishia miaka hiyo. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifa, mtu huenda kwa mpiga ramli kuuliza ni nani aliyefanya, na mara nyingi kidole huelekezwa kwa mjane jirani. Wengine husema kwamba nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotamaniwa, na mimi naamini kuwa mara nyingi ni hivyo. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku ramli hizo, zinazoitwa ramli chonganishi.

Unaweza kuuliza haya yanahusiana nini na sala zetu. Yanahusiana sana. Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani walianza kazi katika Jimbo hili mwaka 1954, wakati bado likiitwa Jimbo la Maswa. Jina la Shinyanga lilikuja mwaka 1956. Lakini hadi leo parokia moja ina vigango vingi, na padre hawezi kuwa kila mahali. Jumapili nyingi katekista huongoza Ibada ya Neno, bila Misa. Mtu wa mjini atafikiri kwamba waumini hao wako mbali na Mungu kwa kuwa wako mbali na tabernakulo. Sivyo. Wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua mwaka 1976 kuzifanya msingi wa maisha ya Kanisa. Jumuiya husali nyumba kwa nyumba, kwa zamu, na nguzo yake mara nyingi ni akina mama, wengi wao wakiwa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania kilichoanza mwaka 1972.

Hapo ndipo uhusiano na Mungu hupimwa. Mama anaweza kujua sala zote kwa moyo, rozari shingoni, na bado akafunga hirizi ya mganga kiunoni mwa mtoto "kwa tahadhari tu". Katekisimu, namba 2116, inakataza kila namna ya uaguzi, na mama huyo anajua. Anachokosa si mafundisho. Usiku mtoto anapochemka homa na zahanati iko mbali, hofu ndiyo inayomwongoza, na hofu hiyo hutafuta mtu wa kulaumiwa. Kumkaribia Mungu, kwa mama wa namna hii, ni kumkabidhi mtoto huyo kwa Mungu, kumpeleka zahanati alfajiri, na kukataa kuuliza jina la mchawi.

Basi zamu ya jumuiya ikifika nyumbani kwa bibi anayenong'onwa, kila mtu huangalia miguu yake. Mmoja atasema ana mgonjwa, mwingine atasema turuke nyumba hii kwa leo. Ikiwa ni Jumatatu au Jumamosi, rozari ni ya Matendo ya Furaha, na tendo la pili ni Maria kumtembelea Elizabeti. Binti mjamzito anakwenda mpaka mlangoni kwa mwanamke mzee, anaingia, anakaa naye miezi mitatu. Sijui ni tendo gani lingefaa zaidi kusaliwa kwenye ua huo.

Kuna jambo moja ambalo mgeni hawezi kulitambua. Sala ikiisha, bibi huleta maji katika kikombe na matobolwa kwenye sahani. Kwa mwanamke anayesemwa kuwa mchawi, chakula chake ndicho kinachoogopwa kuliko macho yake. Akina mama hutulia kidogo. Kisha mmoja, pengine mwenye mtoto mgongoni, hunyosha mkono, hula, na kummegea mtoto.